Mtu wa Upande wa Pili

Katika kanuni zetu za mipango miji yumo mtu mmoja.
Hana jina, hana mke, hana deni dukani.
Amesimama kwenye njia ya miguu, upande wa pili wa barabara,
macho yake mita moja na sitini na tano kutoka ardhini,
na macho hayo hayapepesi.
Asichokiona yeye kinaruhusiwa.

Basi pale Tbilisi, mitaa ya mteremko ya Sololaki,
kila mwenye fedha huja ofisini kutuuliza:
yule mtu anaona mpaka wapi?
Nasi tunachora mstari kutoka jichoni mwake,
unagusa ukingo wa paa, unakwenda zake mbinguni.
Chini ya mstari, nyuma ya uso wa nyumba,
jengeni.
Orofa saba, maegesho, bwawa la kuogelea.
Uso tu usiguswe.

Nambari kumi na nne niliipima mwenyewe, mwezi wa Machi,
theluji imeshageuka tope.
Mimi ni mfupi. Nilimpungukia yule mtu shubiri nzima.
Nikawa nachuchumia, karatasi mdomoni,
hadi dirisha la juu likafunguka na Tsiala Kobalava,
fundi cherehani, mjane, akauliza nimepoteza nini.
Akashuka na kigoda cha jikoni.
"Panda, mwanangu, utavunjika vidole."
Nikapanda. Mstari ukakaa sawa.

Kisha akanikaribisha chai.
Yule mtu wa kanuni hajawahi kukaribishwa chai.
Hakuuona ua: bomba moja kwa jamaa tisa,
mforsadi ulioegemea ngazi kama mgeni asiyejua kuaga,
madoa ya zambarau vizingitini kila Juni,
mzee Vakhushti akimsuta paka kwa jina la mkwewe.
Aliona vioo tu.
Vioo ambavyo Tsiala aliiziba navyo roshani ya mbele
mwaka wa sabini na nane, mama yake alipokohoa
kutoka vuli hadi maua ya mlozi.
Vioo si vya asili. Faini, lari mia tano.
Niliiandika mimi, kwa kalamu ileile,
alasiri ileile niliyogonga mhuri orofa saba.

Nyumba njema si mlango, husemwa, fungua uingie ndani.
Sisi tuliulinda mlango.

Julai wakabomoa.
Uso ukabaki peke yake juu ya mihimili ya chuma,
kama mgonjwa aliyeshikwa makwapa ili apigwe picha.
Mforsadi haukukatwa. Haukuwemo kwenye ramani;
haukuwapo, ukaendelea kutokuwapo.

Tsiala alipewa chumba na sebule kule Varketili,
orofa ya kumi na moja, lifti inayokula sarafu.
Akanipigia simu. Nilijiandaa kwa maneno ya nyumba,
nikakusanya vifungu, cha saba, cha tisa, kiambatisho.
Akauliza:
"Kile kigoda changu, kiko kwako?"

Kiko. Kiko chini ya meza yangu.
Miaka miwili nimekiwekea miguu
nikipitisha ramani za watu.

Jana nilikibeba hadi pale pale, nikapanda.
Rangi ya ukuta ni ile ya orodha. Nakshi zimesafishwa.
Vioo havipo, roshani iko wazi kama ilivyozaliwa.
Dirishani mwake, palipokuwa na pazia la vidoti,
mnapita mawingu.
Kila kitu kiko sawasawa na mchoro niliousaini.

Mwanamume mmoja akaja, mrefu kiasi,
macho yake, kwa kukadiria, mita moja na sitini na tano.
Moyo ukanipasuka: ndiye.
Akapita, ameinamia simu.

Nikakishika kigoda mguu mmoja, nikashuka kituo cha treni.
Varketili ndiyo mwisho wa reli.
Mfukoni nilikuwa na sarafu moja,
ya kupandia.